Radi Mbili Chini ya Macho

Kwa wiki mbili mtaa wetu mzima wa Ng'ambo ulibishana kama matamasha ya anime, yale ya vijana kujivika nguo za katuni za Kijapani, yanafaa kwa watoto wadogo. Walibishana barazani, kwenye makundi ya simu, hata kwenye foleni ya mkate. Ushahidi wao ulikuwa mmoja tu: mwanangu Ulfat, wa miaka sita, aliyekwenda tamashani Jumamosi akirukaruka, na Jumatatu akalazwa hospitali macho yote mawili yamefumba. Waliosema hayafai walimtaja yeye. Waliosema yanafaa walinyamaza waliposikia jina lake. Mimi mama yake nilijua kwamba wote wanatwanga maji kwenye kinu, na siku za mwanzo sikusema.

Naitwa Mwatima, napaka maharusi. Sijisifu, lakini bi harusi wa mjini asiyepita mikononi mwangu basi ujue harusi yake ilikuwa ya haraka. Hina hutoa wekundu. Piko hutoa weusi. Piko ni ile dawa nyeusi ya nywele, tunaikoroga kwa maji mpaka iwe nzito, tunachorea maua kwa kijiti, na ikishashika ngozi haitoki kwa jasho wala kwa sabuni mpaka siku nyingi zipite. Mama yangu alipaka, shangazi zangu walipaka, na mtoto wa kike kwetu akishatimiza miaka mitatu hakosi ua la piko siku ya Idi. Hakuna shekhe aliyewahi kulipigia kelele.

Tamasha lilikuwa la mdogo wangu Ridhwan. Ana miaka ishirini na tatu, anachapisha fulana, na tangu mdogo kichwa chake kimo ndani ya hizo katuni. Safari hii yeye na wenzake walipata ukumbi Mji Mkongwe, wakatangaza siku nzima ya mavazi, michoro na mashindano. Kosplei, wanaiita wenyewe. Wiki moja kabla alikuja kwangu na karatasi ya masharti aliyoyaandika. Mtoto chini ya miaka kumi asije bila ya mzazi. Watoto watoke kabla ya alasiri. Asipakwe mtoto rangi isiyotoka kwa maji, na kila rangi ijaribiwe kwanza mkononi.

"Hili tamasha au kliniki?" nikamuuliza.

"Dada, watoto wa watu hawa. Likitokea jambo, itakuwa mwisho wetu."

Nikacheka. Nilimwona kama kitoto kinachojifanya mkubwa.

Ulfat alitaka kuwa msichana mmoja wa katuni mwenye gauni la buluu na radi mbili nyeusi, moja chini ya kila jicho. Gauni nilimshonea. Radi nilimchorea Ijumaa asubuhi kwa wanja, tujaribu. Mwanangu ana jasho jepesi. Nusu saa haikufika, radi zilikuwa zimemwagika mpaka kidevuni na mtoto analia kwamba atachekwa. Nikamfuta, nikachora tena, zikamwagika tena. Akalia mpaka akakataa kula. Mchelea mwana kulia hulia yeye: methali hii nimewatupia wenzangu mara ngapi, nikikaa kwenye nyumba zao na kuwaona wanavyodekeza watoto.

Ningeweza kusubiri Jumamosi akapakwe na vijana wa Ridhwan kwa rangi zao za maji. Lakini mimi, niliyepaka nusu ya maharusi wa mji huu, nikamsimamishe mwanangu foleni apakwe na vitoto visivyojua kushika kijiti? Kiburi changu kilikataa.

Nikakoroga piko.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Idi iliyopita nilimpaka Ulfat mikono, vikamtoka vipele vya maji kwenye vidole. Mume wangu Ayoub ni mpishi katika hoteli moja Bwejuu, hurudi nyumbani siku mbili kwa wiki. Siku ile aliushika mkono wa mtoto, akautazama, akaniambia, "Mwatima, usimpake tena kitu hiki." Nikamwambia ni joto tu, lakini sawa, simpaki. Nilimuahidi. Sasa Ayoub yuko Bwejuu, mtoto analia, na mimi najiambia kwamba uso si mikono. Kama kuna siku akili yangu ilinihama, ndiyo hiyo. Nilianza kuchora pale kope zinapoota, nikashuka mpaka shavuni, radi mbili safi kama zimechapishwa. Alikaa kimya nusu saa bila kutikisika. Nilipomuosha akajitazama kwenye kioo akanikumbatia.

Tamashani niliona mambo, nisiseme uongo. Muziki ulikuwa wa kupasua masikio. Kijana mmoja alivaa kinyago cha fuvu, watoto wawili wakalia hadi mama zao wakawatoa. Kulikuwa na msichana ambaye gauni lake lilikuwa fupi kuliko umri wake. Ungeniuliza siku ile kama pahali pale panamfaa mtoto wa miaka sita, ningekwambia asubuhi panafaa, mchana wampeleke nyumbani. Lakini Ulfat alipanda jukwaani, akasimama na kifimbo chake cha karatasi, ukumbi mzima ukampigia makofi, na mimi nikatokwa machozi ya fahari. Wanawake wakanizunguka. "Nani kampaka vizuri hivi?" Nilitamani kusema ni mimi. Nikamkumbuka Ayoub, nikaona kesho watu watamfikishia. Nikasema, "Wamempaka hapahapa, vijana wa Ridhwan." Ridhwan alipita na boksi la maji kichwani, akasikia, akafurahi. Akadhani ni mwenzake mmoja aliyefanya kazi nzuri.

Jumapili Ulfat alijikuna. Nikamsugua kwa ndimu na mafuta ya nazi ili weusi utoke, kumbe natia chumvi kwenye kidonda. Ngozi ikaja pamoja na weusi. Jumatatu asubuhi nilipomwamsha hakuwa na uso. Ulikuwa umejaa kama unga uliopitiliza kuumuka, malengelenge mahali pa radi, kope zimegandana, na kwenye pembe za macho yanatoka maji ya manjano.

"Mama, washa taa," akasema. Jua lilikuwa limeingia chumbani.

Ndani ya teksi nilimpakata, nikamwambia maneno ambayo nitaulizwa Siku ya Kiyama. Nilimwambia, "Wakikuuliza nani kakupaka, sema Mjomba Ridhwan. Usimtaje mama. Baba akijua atatuacha." Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa nini.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, Daktari Zuleikha. Alimfungua kope kwa pamba na maji ya uvuguvugu, Ulfat akipiga mayowe, mimi nimemshika mikono. Kisha akanigeukia.

"Kapakwa nini?"

"Rangi, daktari. Kwenye tamasha."

Akainama tena, akatazama mashavu. "Mimi nnaona kama piko. Nshawatibu wengi, wakitoka maharusini."

"Si piko."

"Bi Mwatima, nisikilize vizuri. Kama ni piko, kuna dawa ya kuzima huu uvimbe, naianza sasa hivi. Lakini kama ni rangi chafu iliyoingiza vijidudu, dawa hiyohiyo italila jicho. Siwezi kubahatisha kwenye jicho la mtoto. Nambie ukweli."

Ayoub alikuwa ameshafika kutoka Bwejuu, amesimama mlangoni na suruali yake ya jikoni. Akajibu yeye. "Piko nshaikataza tangu Idi, daktari. Mke wangu anajua." Akanitazama. Afadhali angenitazama kwa shaka. Alinitazama kwa kuniamini.

Nikaapa. Nilisema wallahi si piko. Kwetu mtu akishamtaja Mungu namna hiyo, mwenzake hana la kuongeza, na daktari naye ni mtoto wa hapahapa. Akashusha pumzi, akaandika dawa za vijidudu, akasema tumletee rangi za tamashani azione.

Kufika jioni picha ya Ulfat akiwa jukwaani ilikuwa imezagaa kwenye simu zote, na chini yake picha nyingine, sijui nani aliyeipiga, ya uso wake wodini. Mwalimu wa madrasa akasema watoto wanafundishwa kujigeuza majini. Mwingine akasema huu ndio utandawazi. Mwenye ukumbi akatangaza kwamba vijana wale hawakanyagi tena kwake. Mama mkwe wangu, Bi Salhiya, alikaa kando ya kitanda na tasbihi akinipangusa machozi.

"Usijilaumu, mwanangu. Wamekuharibia mtoto hawa wendawazimu."

Nilitamani anizabe kofi.

Jumanne adhuhuri Ridhwan akaja wodini na mfuko wa plastiki umejaa vikopo vya rangi. Nilipomwona nilidhani amepigwa. Alikuwa amejipaka kope zote mbili, juu na chini, rangi saba tabaka juu ya tabaka.

"Daktari, rangi zetu zote hizi hapa. Nshajipaka tangu jana mchana, nimelala nazo. Nitazame."

Daktari Zuleikha akamkalisha kwenye kiti, akammulika kila jicho. Hakuona kitu. "Basi kuna kopo halimo humu," akasema.

"Nshawauliza wote waliokaa kwenye meza ya rangi. Wote wanasema hawakumpaka." Akaja akapiga magoti mbele yangu. "Dada, humkumbuki? Alikuwa mwanamme, mwanamke? Kofia alivaa? Nambie lolote, ntamtafuta."

"Watu walikuwa wengi," nikasema.

Akamshika Ulfat mguu juu ya shuka, akalia. Rangi zikamtiririka mashavuni. Ayoub akamnyanyua kwa ukosi wa shati, akamtoa mpaka nje ya wodi, na nikasikia anamwambia asimkaribie tena mwanawe yeye na mashetani yake. "Sawa, shemegi," Ridhwan akajibu, akaondoka. Jioni ile akaitwa polisi kuandika maelezo, Ayoub ameshamshitaki.

Mtu ataniuliza: ulikuwa unangoja nini? Nami nimejiuliza hivyo mara elfu. Jumatatu niliogopa talaka. Jumanne nilikuwa naogopa kiapo, kwa sababu sasa kukiri piko ni kukiri kwamba nimemtaja Mungu kwa uongo mbele ya mume wangu. Nikawa nategemea muujiza. Nilisali nikiomba dawa isiyokuwa yake imponye, kama vile Mungu ni mwenzangu wa kuficha mambo. Nilijichukia hata sauti yangu nikiisikia. Na kila saa iliyopita ukweli ulizidi kuwa mzito, mpaka nikauona siubebi.

Jumatano asubuhi daktari alimfungua Ulfat jicho la kulia, akalimulika mara mbili. Akatuita mimi na Ayoub pembeni.

"Kioo cha mbele cha jicho kimeanza kuwa cheupe. Hili la kushoto bado nna tamaa nalo. La kulia, kama mpaka mchana sijajua nnapigana na nini, linakwenda."

Ayoub akaegemea ukuta. "Muulize mwenyewe," akasema. "Muulize mtoto."

Daktari akavuta kiti karibu na kitanda, akamshika Ulfat mkono. Mtoto akageuza uso wake uliofungwa pamba kufuata sauti.

"Ulfat, mwanangu. Nani alikupaka radi zako?"

"Mjomba."

"Mjomba nani?"

"Mjomba Ridhwan." Hakusita hata kidogo. Kisha, kwa sababu daktari alikuwa bado kimya na yeye akadhani hajaaminiwa, akaongeza. "Alinipaka kwa kidole. Nilimwambia inaniuma, akacheka."

Hayo sikumfundisha mimi. Hayo aliyatunga mwenyewe, amelala haoni, uso unamuwaka moto, anatafuta neno la kumuokoa mama yake. Ayoub alishagonga ukuta kwa ngumi na anaelekea mlangoni, na nilijua anamwendea nani.

"Ni piko," nikasema.

Akasimama.

"Ni piko, daktari. Nimempaka mimi, Ijumaa, nyumbani. Ridhwan hana habari. Hakuna aliyempaka tamashani. Ni mimi."

Daktari Zuleikha hakunigombeza. Hakunitazama hata kunitazama. Alitoka karibu kukimbia, nikamsikia anamtuma muuguzi kwa jina la dawa. Bi Salhiya akaacha kuhesabu tasbihi. Ayoub alisimama palepale mkono wake uko kwenye kitasa.

"Uliapa," akasema.

Hilo ndilo neno lake pekee kwangu siku ile. Kisha akatoka. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda moja kwa moja polisi kusema amekosea, na kutoka hapo kwa Ridhwan, akamkuta anafungasha vikopo vyake kwenye boksi, akakaa chini akamsaidia. Ridhwan aliniletea ujumbe wa simu siku ya tatu: amefurahi nimesema, na nisimpigie kwa sasa. Sijampigia.

Dawa ilianza kufanya kazi siku ileile, hilo ndilo linaloniua. Kufika Alhamisi uvimbe ulikuwa umeshuka nusu. Kufika Jumapili Ulfat alifungua jicho la kushoto akaniona, akaniambia nimekonda. Siku mbili nzima nilizikalia mimi, na dawa ilikuwa kabatini hatua ishirini kutoka kitanda chake.

Nilimwomba Bi Salhiya awaambie watu ukweli, nikawaambia na mimi mwenyewe kwenye kundi la mtaa, kwa sauti yangu. Nilisema kwamba ni piko, ni mimi, vijana wale hawana kosa. Ujumbe ule ulikaa. Mmoja akajibu Mungu ampe mtoto shifaa. Mwingine akasema, lakini tusisahau, yale matamasha si ya kwetu. Ubishi ukaendelea kama sikusema kitu. Mwenye ukumbi hakubadili neno lake. Na wiki ileile bi harusi mmoja alinipigia kuuliza kama nina nafasi mwezi ujao, mikono na miguu, na kwamba mdogo wake wa miaka minne naye anataka ua dogo. Nikamwambia sipaki tena, wala huyo mtoto asimpeleke kwa mwingine. Akaniona nimeringa.

Ayoub hajaniacha. Analala chumba cha mama yake akirudi kutoka Bwejuu, anakula chakula changu, ananisalimia. Sithubutu kutaka zaidi.

Wiki ya tatu tulirudi kliniki, mimi na Ulfat peke yetu. Makovu ya mashavuni yalikuwa yameanza kufifia. Daktari Zuleikha akamkalisha kwenye kiti kirefu, akamziba jicho la kulia kwa kijikombe cha plastiki, akamwonyesha picha ukutani. Ulfat akazitaja zote, nyumba, mwavuli, samaki, mpaka ile ndogo ya mwisho, miguu yake inaning'inia na kuchezacheza. Daktari akamsifu. Kisha akahamishia kijikombe jicho la kushoto, akanyanyua mkono mbele ya uso wake, karibu sana.

"Na sasa vidole vingapi?"

Miguu ya Ulfat ikaacha kucheza. Kisha akageuza uso upande niliokaa mimi.

"Mama, niseme vingapi?"

Daktari akaushusha mkono. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, vitatu, na najua kwamba lau angekuwapo mtu mwingine pale ningelitamani kulisema. Nikasogea, nikapiga magoti chini ya kiti.

"Sema unachokiona, mwanangu. Hakuna atakayekugombeza."

"Utalia?"

Nikamwambia sitalia.

"Sioni kitu," akasema, kisha akanyoosha mkono akanipapasa mashavu, kujua kama nimemwambia kweli.